Kathodi yako ya NVP inazingua? Usikimbilie kulaumu naitrojeni

Juzi dogo mmoja wa maabara kaja na laptop mkononi, hata salamu hajamaliza kashafungua grafu. "Kaka, hii naitrojeni haifanyi kazi. Sampuli ya kawaida inatoa chaji 106 mAh kwa gramu, yenye naitrojeni inatoa 98." Nikamuuliza, kaboni kwenye hiyo ya kawaida ni asilimia ngapi, na kwenye hii ya naitrojeni ni ngapi? Kimya. Nikamuuliza tena, umepima au umekadiria kutokana na sukari uliyoweka igeuke kaboni? Akacheka kidogo akakaa chini, hapo nikajua leo hatutoki mapema.

Basi naandika hapa yale ninayojikuta narudia kila mara, kwa yeyote anayetengeneza kathodi (upande chanya) za betri za sodiamu-ioni na kuzipaka kaboni iliyodopwa. Nitaongelea hasa NVP, yaani Na3V2(PO4)3, maana ndiyo nimeichoma tanuruni mpaka nikawa naiota. Kwa ambaye ndo anaanza: NVP ni ya ukoo wa NASICON, yaani madini yanayopitisha ioni za sodiamu, ule ambao Hong na Goodenough waliueleza mwaka 1976, ndani yake kuna njia pana ioni ya sodiamu inapita bila shida, ila elektroni ndo zinakwama. Ni kama nyumba yenye milango mikubwa lakini haina umeme. Kaboni inaletwa iwe waya, unafunika kila chembe kwa utando mwembamba, halafu mtu anaenda mbele anachomekea atomu za naitrojeni ndani ya hiyo kaboni, kwa sababu naitrojeni ina elektroni moja zaidi ya kaboni, na pia inaacha vijitobo na kasoro kwenye utando ambavyo ioni zinapitia. Hiyo ndo kudopu. Kinadharia mambo safi, sasa twende kwenye matatizo.

Poda haijatoka nyeusi

NVP yenye kaboni inatakiwa itoke tanuruni nyeusi tii, kama masizi ya sufuria ya kuni. Ukiona ina kijani kijani au kijivu kilichopauka, kaboni imeungua ikaondoka. Ukiona unjano au wekundu wa tofali, hapo vanadiamu yenyewe imeanza kupoteza elektroni, chaji yake inapanda kutoka 3+ kwenda 5+. Vyote viwili mchawi wao ni mmoja, oksijeni imeingia.

Mimi hii ilinikula wiki 3. Nilikuwa nachoma kwenye tanuru la bomba, gesi ya agoni yenye hidrojeni asilimia 5, nyuzi 750, saa 8. Katikati ya kiboti, kile chombo kidogo kinachobeba poda, poda nyeusi safi, ncha moja ina ukingo wa njano kama manjano ya bizari uliomwagika. Nikabadilisha asidi ya sitriki, ambayo ndo chanzo cha kaboni, nikabadilisha fosfeti, nikapunguza joto, nikaongeza sukari, njano iko palepale. Siku moja fundi wa jengo akapita akanikuta nimeinama, akauliza shida nini, nikamweleza, akaniambia mbona nyie wasomi mnajitesa, akachukua sponji ya kuoshea vyombo akaipiga sabuni akapaka povu kwenye viungo vya bomba, vilevile mtu anavyotest mtungi wa gesi jikoni kwake. Povu likafanya vipovu upande gesi inakotokea kwenda nje. Pete ya mpira ilikuwa imekakamaa na ina ufa, ukiiangalia kwa macho hivi huuoni.

Kumbe hata ile njano ilikuwa inaongea muda wote, maana ilikuwa kwenye ncha ya kiboti iliyo karibu na pa kutokea gesi. Kwa hiyo kabla hujatupa poda iangalie imeharibikia wapi. Ikiharibika upande wa kutokea, hewa inarudi nyuma, weka chupa ya mafuta pale mwisho gesi itoke kwa kububujika na kagua pete. Ikiharibika upande wa kuingilia au kiboti kizima, kagua mtungi na bomba linalotoka kwenye mtungi. Na kabla ya kuwasha, vuta hewa yote kisha jaza agoni, rudia mara 3, mara 1 haitoshi. Kingine ambacho watu wanakijua ila wanakifanya wakiwa na haraka: kufungua tanuru likiwa bado na nyuzi 200. Kaboni laini ikikutana na hewa ikiwa ya moto inaweza kuanza kuungua taratibu bila wewe kuona moshi, subiri ishuke chini ya 100.

Halafu wanaotumia yurea, melamini na jamaa zake kama chanzo cha naitrojeni, gesi inayotoka ina amonia na inaweza kuwa na sianidi ya hidrojeni, kwa hiyo mwisho wa bomba uende kwenye chemba ya kuvuta moshi, sio hewani chumbani. Hii sio ya kujadiliana.

Nyeusi ni nyeusi, ila XRD ina vilele vya ajabu

XRD ni kipimo cha mionzi ya X kinachoonyesha muundo wa fuwele, na vilele vyako vya NVP kwa mionzi ya shaba utavikuta karibu na pembe za nyuzi 14.3, 20, 23.8, 28.8, 32.1 na 35.7. Kukiwa na vingine, mara nyingi ni moja ya haya: ulichanganya haraka haraka, au uliruka hatua ya nyuzi 350, ile ya kufukuza maji na amonia ndipo unatoa, unasaga upya, unarudisha, au sodiamu imepotea kwenye joto kali. Wengine wanaweka sodiamu ya ziada kidogo kwa ajili hiyo, sawa, ila usiweke kwa kukisia, pima kwa ICP, mashine inayohesabu kila elementi, uone uwiano wa Na kwa V. Na usipandishe joto ovyo ukitafuta kaboni bora, maana kaboni yenyewe ni kipunguzaji, ikipewa moto wa kutosha inaanza kula fosfeti yako.

Kapasiti ndogo toka mzunguko wa kwanza

Hapa ndo penye kesi ya dogo, na hapa ndo nakaa sana maana nusu ya malalamiko yote yanaishia hapa.

NVP inatoa ioni 2 za sodiamu karibu na volti 3.4, na hesabu yake ya juu kabisa ni 117.6 mAh kwa gramu. Lakini hiyo ni gramu ya NVP peke yake. Poda yako ina kaboni ndani, na kaboni hapo haitoi kitu, ni abiria. Poda yenye kaboni asilimia 4 haiwezi kuzidi 112.9, yenye asilimia 10 haiwezi kuzidi 105.8, hata uisomee dua.

Tukampima dogo kaboni vizuri. Ya kawaida ikaja 4, ya naitrojeni ikaja 10, kwa sababu aliongeza chanzo cha naitrojeni juu ya asidi ya sitriki ileile bila kupunguza kitu, na chanzo chenyewe nacho kinaacha kaboni. Sasa gawanya: 106 kwa 0.96 unapata 110.4. Na 98 kwa 0.90 unapata 108.9. Ile tofauti ya 8 imebaki 1.5, ambayo mzani peke yake unaweza kuileta. Kwa hiyo naitrojeni haikuharibu chochote, na kwa grafu ile haikusaidia chochote pia, grafu ilikuwa inalinganisha kaboni nyingi na kaboni kidogo. Na hii inakata pande zote mbili, kuna watu wanafurahia naitrojeni "imeongeza kasi" wakati kilichoongezeka ni kaboni tu. Ukitaka kujua naitrojeni inafanya nini, tengeneza sampuli 2 zenye kaboni sawa kwa asilimia, joto sawa, chembe za ukubwa sawa, moja ina naitrojeni moja haina. Bila hiyo hakuna mjadala.

Sasa kupima kaboni kwenyewe kuna mtego. Wengi wanachoma sampuli kwenye hewa ndani ya TGA, mashine inayopima uzito huku ikipasha joto, wanaangalia uzito umepungua kiasi gani, wanasema hiyo ndo kaboni. Kwa NVP hapana! Wakati kaboni inaondoka, vanadiamu inameza oksijeni, ikifika 5+ yote NVP inaongezeka uzito karibu asilimia 7. Chukua poda yenye kaboni asilimia 10: NVP iliyobaki 90 inageuka 96.3, kwa hiyo mashine inakuonyesha umepoteza 3.7 tu. Unaandika kaboni 3.7 na kweli ni 10. Tumia kipimo cha elementi, kile cha CHN (kaboni, hidrojeni, naitrojeni), na bahati nzuri hapohapo kinakupa na naitrojeni.

Mtego wa mzani nao. Kiduara cha milimita 12 cha foili ya alumini ya mikroni 16 kina uzito wa karibu miligramu 4.9. Juu yake una mchanganyiko wa labda miligramu 2.3, kaboni nyeusi ya ziada na gundi zikitoka unabaki na miligramu 1.6 za poda. Foili ikikudanganya miligramu 0.1 umeshakosea asilimia 4, yaani 105 yako inaweza kuwa 101 au 109. Kata foili tupu 10 kutoka kwenye karatasi ileile, pima zote, chukua wastani, na tumia mzani unaosoma mpaka desimali 5 za gramu kama upo. Mimi nikiona mtu anaandika kapasiti ya 112.37 kutoka kwenye kiduara kimoja huwa nacheka peke yangu.

Kama hesabu iko sawa, mzani uko sawa, na bado unapata 80, basi angalia kama tambarare ya volti 3.4 kwenye grafu ipo na imenyooka. Ipo lakini ni fupi: sehemu ya poda haijaunganishwa na umeme, utando una mapengo au uji (poda, kaboni nyeusi na gundi unavyopaka kwenye foili) haukuchanganyika. Imelala kama mteremko: muundo wenyewe haujakaa, rudi kwenye XRD.

Naitrojeni haionekani kwenye XPS

Umeweka yurea ya kutosha, umechoma, umepeleka XPS, kipimo cha elementi zilizo juu ya uso, kilele cha N karibu hakuna. Usishangae. Yurea inayeyuka nyuzi 133 na sehemu kubwa inaondoka kama gesi kabla kaboni yako haijaanza hata kujijenga, inayobaki inajiunga kuwa nitridi ya kaboni ambayo nayo ikipita 600 na kwenda 700 inavunjika. Wewe unachoma 750. Ni sawa na kutia iliki kwenye chai halafu ukaiacha ichemke asubuhi mpaka jioni bila mfuniko, kisha unalalamika hainukii.

Kinachosaidia ni naitrojeni iliyofungwa kwenye mnyororo wa kaboni tangu mwanzo. Polidopamini, PVP, EDTA, glisini, hizi ni molekuli za kaboni ambazo naitrojeni yake iko ndani ya molekuli inayogeuka kuwa kaboni, kwa hiyo sehemu yake inabaki. Dopamini mimi ndo naipenda kwa sababu inafunika chembe kwa usawa, unaweka kwenye maji yenye pH ya 8.5 unakoroga na hewa inaingia, inajipaka yenyewe, ila ni ghali na ukikoroga usiku kucha sodiamu nyingine inahamia kwenye maji, usizidishe saa.

Na ukishaiona usiishie kusema "ipo". Kilele cha N1s kigawanye: karibu na eV 398.3 ni ya piridini, inakaa ukingoni na kwenye vitobo, karibu na 400 ni ya piroli, karibu na 401.2 ni ya grafiti, iliyoingia katikati ya tabaka. Ile ya ukingoni inahusika zaidi na njia za ioni na kasoro, ile ya grafiti ndo inasaidia elektroni. Ukipandisha joto, jumla ya naitrojeni inashuka lakini sehemu ya grafiti inapanda, na kaboni inapanga tabaka zake vizuri zaidi. Kwa hiyo kuna mvutano, huwezi kupata vyote. Kwa NVP mimi nakaa kati ya 700 na 750, nikishuka chini ya hapo kaboni inakuwa mbovu, nikienda 850 nimeshafukuza naitrojeni niliyoilipia.

Onyo moja dogo. Kama malighafi zako ni NH4VO3 na NH4H2PO4, chumvi zenye amonia, sampuli yako "isiyo na naitrojeni" imepita kwenye wingu la amonia. Ipime nayo, usidhani ni sifuri.

Taratibu iko poa, ukiongeza kasi inaanguka

C/10, yaani kumaliza chaji kwa saa 10, unapata 105, 1C, yaani saa 1, unapata 98, 10C, ambayo ni kumaliza kwa dakika 6, unapata 30. Hapa ndo utando unatakiwa uonyeshe kazi yake, kwa hiyo watu wanakuja na maswali mengi, na jibu la wengi ni kuongeza kaboni. Tulia kwanza.

Piga hesabu ya kichwani. Chembe ya nanomita 400, utando wa nanomita 5 pande zote, ujazo wa utando ni karibu asilimia 7.7 ya ujazo wa chembe. Kaboni ni nyepesi kuliko NVP, kwa hiyo kwa uzito inakuja asilimia 4 na nusu hivi. Maana yake ukiwa na kaboni asilimia 12 na chembe za ukubwa huo, aidha utando wako ni mnene mno, aidha, na hii ndo inatokea zaidi, kaboni nyingi imekaa pembeni kama vichaka, haijapaka kitu. Angalia TEM, hadubini ya elektroni, na usiangalie chembe moja iliyokaa kipicha picha, angalia 20. Umewahi kuona ukoko wa wali? Sufuria ikikaa vibaya jikoni, upande mmoja ukoko mnene umeungua, upande mwingine wali haujaguswa. Utando wa kaboni unafanya vilevile kama sukari haikuyeyuka vizuri au ilikauka ikajikusanya. Elektroni zinaingia upande mmoja tu, na upande mnene ioni zinachelewa. Tiba yake iko kwenye kukausha, sio kwenye tanuru: koroga kwa nyuzi 80 mpaka jeli ijae sawasawa, ikishindikana igandishe kisha uikaushe kwa vakyumu, maji yaondoke bila kuburuta sukari kwenda pembeni.

Raman, kipimo cha mwanga wa leza, itakusaidia kujua kaboni yenyewe ikoje. Kilele cha D karibu na 1350, cha G karibu na 1590. Kudopu kunaongeza kasoro kwa hiyo D inapanda kidogo, hiyo ni kawaida, usiitumie kama ushahidi kwamba naitrojeni imeingia maana joto dogo nalo linafanya hivohivo.

Ila kabla ya yote hayo, sodiamu ya upande wa pili. Hii nimeiweka mwishoni kwa makusudi maana kila mtu anaisahau. Unapima kathodi kwenye betri ya kitufe ya CR2032 na upande wa pili una kipande cha sodiamu ulichokikanyaga na roli. Sodiamu ile ikiwa na ganda, au elektroliti (kimiminika kinachobeba ioni) ina FEC nyingi, kile kiongezi, upinzani wake unakuwa mkubwa kuliko wa kathodi, na ukienda 10C unapima uchovu wa sodiamu, sio kathodi yako. Lile duara kwenye EIS, kipimo cha upinzani wa betri, unalolionyesha kwenye mkutano kwamba limepungua baada ya kudopu, nusu yake inaweza kuwa ya sodiamu na inabadilika kila unapofungua glavuboksi, lile sanduku lisilo na hewa wala unyevu, siku tofauti.

Namna ya kujua: funga betri ya sodiamu kwa sodiamu, elektroliti ileile, pima EIS. Duara likiwa kubwa kama la betri yako ya kathodi, mhusika umempata. Au tumia uzuri wa NVP yenyewe, ina hatua nyingine karibu na volti 1.6, kwa hiyo unaweza kuiweka pande zote mbili, NVP kwa NVP, betri inakaa karibu na volti 1.8 na sodiamu ya metali haipo kabisa. Ukiona huko 10C imesimama vizuri wakati kwa sodiamu ilianguka, kathodi yako haina kosa.

Sodiamu yenyewe ikatwe ndani ya glavuboksi, ganda lote litoke, ibaki inang'aa fedha na laini kama siagi iliyotoka frijini. Ikiwa na weupe au unjano kwenye kingo, endelea kukata. Ya dakika 20 zilizopita imeshafifia, usiihurumie.

Inashuka mzunguko baada ya mzunguko

Kapasiti ilianza 105, mizunguko 200 iko 70. Usiandike "muundo umevunjika" bila kufungua. Fungua betri ndani ya glavuboksi taratibu, angalia vitu 3. Separeta, yaani kitambaa cha kutenganisha pande mbili: ikiwa kavu, ulitia elektroliti kidogo au betri haikubanwa vizuri. Ikiwa na madoa ya rangi upande wa kathodi, vanadiamu inayeyuka, utando una mapengo au elektroliti ina maji, na kama chumvi yako ni NaPF6 maji yakiingia yanazaa asidi ya hidrofloriki ambayo inatafuna kila kitu. Sodiamu: ikiwa nyeusi yenye unyoya unyoya, ni yeye amekufa, sio kathodi. Kathodi: ikiwa inabanduka kwenye foili ukiigusa na kibano, shida ni gundi.

Halafu jaribio ambalo linamaliza ubishi: toa kathodi ileile, isuuze na kiyeyusho kisafi cha elektroliti yako, ikaushe, ifunge upya na sodiamu mpya na elektroliti mpya. Ikirudi 103, ulikuwa unataka kuandika sura nzima ya tasnifu juu ya kifo cha kathodi ambayo haijafa. Nimeona hii mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, mara ya kwanza ilikuwa ya kwangu mwenyewe.

Mzunguko wa kwanza unapoteza chaji nyingi

Umechaji 118, imerudisha 95. Kaboni yako ina vitobo vingi mno, eneo lake la uso ni kubwa na elektroliti inachakaa juu yake, na naitrojeni ya ukingoni inaongeza hamu hiyo. Au umepandisha volti juu bila sababu, kwa NVP kumaliza 3.8 kunatosha, ukienda 4.3 unatafuta matatizo. Au elektrodi haikukauka, nyuzi 110 hadi 120 kwenye vakyumu usiku mzima kabla ya kuingiza glavuboksi. Ndo hayo tu.

Uji unaganda au unabanduka

Kaboni yenye naitrojeni na vitobo inanyonya NMP, kile kiyeyusho cha uji, kama mandazi yanavyonyonya chai, kwa hiyo kipimo cha kiyeyusho ulichozoea kwenye sampuli ya kawaida hakitoshi, uji unakuwa ugali. Ongeza NMP kidogo kidogo mpaka udondoke kwenye mwiko kwa uzi mmoja usiokatika. Ikikauka na nyufa kama tope la kiangazi, umekausha kwa moto mkali au umepaka nene.

Kama uji umeganda kabisa ukawa kama jeli na umegeuka kahawia, hapo kuna alkali. Kwa NVP sio kawaida, ila kwa oksidi za tabaka, aina nyingine ya kathodi za sodiamu, ni jambo la kila siku, zinakaa hewani zinavuta unyevu na kaboni dioksidi, juu yake panaota hidroksidi na kaboneti ya sodiamu, hiyo ya pili ni ndugu wa magadi haya haya bibi anayotia kwenye maharage yaive haraka. Alkali hiyo inaivunja PVDF, yaani gundi yako.

Na kwa vile tumezigusa, watu wananiuliza kila siku kama wanaweza kupaka oksidi za tabaka kaboni kwa njia hii ya sukari na tanuru. Hapana. Kaboni kwa nyuzi 700 itanyang'anya oksijeni kutoka kwenye manganizi na nikeli, muundo wa tabaka utavunjika. Zile wanazipaka vitu vingine kama oksidi ya alumini.

Wenye NFPP, Na4Fe3(PO4)2P2O7, ile ya chuma ambayo hesabu yake ni 129, nyie hali yenu ni tofauti kidogo. Mnachoma karibu na 500 hadi 550 tu, maana mkizidisha inaanza kutokea NaFePO4 ya aina ya marisaiti ambayo kwa kawaida haitoi chaji ya maana, na kapasiti inashuka huku poda ikionekana safi kabisa kwa macho. Joto hilo ni dogo kwa kaboni, tabaka zake hazijajipanga, hapo ndipo naitrojeni inakuwa na kazi ya kweli, na uzuri ni kwamba kwa 500 nyingi inabaki. Mkiwa na kapasiti ndogo na kasi mbovu, anzieni kutafuta marisaiti kwenye XRD kabla ya kugusa mapishi ya kaboni.

Dogo karudi jana jioni. Kapunguza asidi ya sitriki kwenye sampuli ya naitrojeni, CHN imesoma kaboni 4.3 kwa moja na 4.1 kwa nyingine, naitrojeni ipo kwenye moja tu. Ya tatu kaiweka tanuruni usiku, kapaka povu viungo vyote bila kuambiwa. Saa hizi naandika tanuru linasoma 180 na yeye amesimama mbele yake na glavu mkononi, nimemwambia akae chini kwanza.